Majeraha ya Kano: Nafasi ya Sindano ya Chembe Sahani na Tiba ya Utengamao

Kano ni nyuzi imara zinazounganisha msuli na mfupa. Kwa wapagazi wa Soko la Kimataifa la Mazao Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kano za bega, kiwiko na kisigino hubeba uzito kila gunia linaponyanyuliwa. Kazi hiyo ikirudiwa bila mapumziko ya kutosha, nyuzi hudhoofika na maumivu huweza kudumu kwa miezi.

Miongoni mwa tiba za majeraha hayo ni sindano ya plazima yenye chembe sahani nyingi. Mgonjwa hutolewa damu yake mwenyewe, ambayo huzungushwa kwa kasi katika mashine ili kutenganisha sehemu zake. Sehemu yenye chembe sahani nyingi huchomwa mahali palipoathirika. Chembe hizo, ambazo kazi yake kuu ni kugandisha damu, hubeba pia protini zinazochochea ukuaji wa tishu.

Hata hivyo, manufaa yake hayajathibitika kwa kila jeraha. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021, ukihusisha watu 240 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino, ulionesha kuwa baada ya miezi 6 waliochomwa plazima hawakupata nafuu zaidi ya waliochomwa sindano isiyo na kitu.

Msingi wa matibabu ya maumivu sugu ya kano unabaki kuwa mazoezi ya utengamao. Mwaka 1998 nchini Sweden, Håkan Alfredson na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi ya kushusha kisigino taratibu, mara 15 kwa mizunguko 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wakimbiaji wote 15 waliofanya mazoezi hayo walirejea mbioni. Mazoezi ya aina hii hufanywa kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, na uzito huongezwa hatua kwa hatua. Kulala kitandani kwa muda mrefu huidhoofisha kano badala ya kuiponya.

Mwananchi anayesikia mlio wa ghafla nyuma ya kifundo cha mguu, kisha akashindwa kusimama kwa vidole, anapaswa kufika kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa, kwa kuwa kano huenda imekatika.

Kinga huanzia sokoni. Kuzingatia ukomo wa kilo 100 kwa gunia na kuepuka lumbesa humlinda mkulima dhidi ya kupunjwa, na pia humpunguzia mpagazi mzigo.