Hiari Yashinda Utumwa: Habari za Shule ya Swaneng



Kila mwaka katika kijitabu hiki twahesabu fedha zilizokusanywa na karo zilizolipwa. Hesabu hizo ni za lazima, kwa kuwa mali ya wengi haifai kuwekwa gizani. Walakini ni mara chache tunapojiuliza mtoto akishaingia shuleni afanya nini huko tangu asubuhi hata jioni, na akitoka atakuwa mtu wa namna gani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaletea habari za shule moja ndogo ya sekondari, si ya kwetu bali ya Botswana, iliyojaribu kusomesha kwa njia isiyozoeleka. Tutaeleza mema yake, na tutaeleza pia mahali ilipojikwaa, maana mwenye kusifu tu hamfundishi mtu.

Katika mwaka 1962 nchi ile ilikuwa ikiitwa Bechuanaland, nayo ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Ilikuwa nchi kavu, mali yake ng'ombe, na miaka hiyo ukame ulikuwa umewashika watu vibaya. Shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo wenyeji hawakuwa wageni wa kujijengea. Watu wa Bangwato, ambao mji wao mkuu ni Serowe, walikuwa wamekwisha kutoa ng'ombe wao na nguvu za vijana wao ili kukijenga chuo cha Moeng, kilichofunguliwa mwaka 1949. Kazi ile ilifanywa na vikosi vya rika, ambavyo kwa lugha yao huitwa mephato. Wazee wetu wa Kikuyu watalielewa jambo hilo upesi. Mbiyu Koinange alipokianzisha chuo cha Githunguri mwaka 1939, marika nayo yalishindana kuchanga fedha za majengo, na chuo kikaendelea mpaka serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka 1952.

Basi mwaka huo wa 1962 wakafika Serowe mtu mmoja na mkewe, Patrick na Elizabeth van Rensburg. Patrick alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Durban mwaka 1931. Hapo nyuma alikuwa akiitumikia serikali ya nchi yake katika ofisi ya ubalozi mdogo mjini Leopoldville, Kongo. Mwaka 1957 aliacha kazi hiyo, kwa kuwa hakuweza tena kuutetea ubaguzi wa rangi mbele ya watu, na mwaka 1960 ikambidi aikimbie nchi yake. Alipoona wingi wa watoto wa Serowe waliomaliza shule ya msingi wasipate pa kwenda, yeye na mkewe wakaazimu kufungua shule chini ya kilima cha Swaneng.

Shule ikafunguliwa mwaka 1963 ikiwa na wanafunzi 28. Majengo yalikuwa haba, na fedha za kumlipa mwashi hazikuwapo. Kwa hiyo wanafunzi walielezwa wazi tangu mwanzo kwamba wakitaka nafasi ipatikane kwa ndugu zao watakaokuja mwaka wa pili, hapana budi wao wenyewe waijenge. Siku za masomo walisoma Kiingereza, hesabu, sayansi na historia kama wanafunzi wa shule nyingine, kwa kuwa mitihani ilikuwa ile ile. Mwisho wa juma walivua viatu, wakachimba misingi, wakabeba mawe na kuchanganya saruji. Na neno hili twaomba lishikwe sana: mwalimu hakusimama kivulini na kuamrisha, bali alishika sururu pamoja nao. Wageni waliojitolea kutoka Uingereza, Marekani na Sweden walipofika kufundisha, nao walikuta jembe likiwangoja kando ya kitabu.

Darasani pia mlikuwa na jambo jipya. Pamoja na masomo ya kawaida, wanafunzi walifundishwa useremala, ufundi wa vyuma na kilimo, na liliwekwa somo jingine lililoitwa Elimu ya Maendeleo. Humo mwanafunzi aliulizwa maswali yasiyokuwamo katika vitabu vya siku zile. Kwa nini nchi moja ni tajiri na nyingine maskini? Ng'ombe wa Serowe akiuzwa, faida yake yaenda wapi? Duka la ushirika laendeshwaje, na kwa nini jingine hufa? Mambo hayo hayakuachwa ubaoni, kwa maana mjini Serowe wakati huo huo lilikuwa likianzishwa duka la ushirika, na shule ilikuwa na mkono katika kazi hiyo. Kijana aliweza kusoma asubuhi na kuona kwa macho yake jioni.

Lakini kila mwaka watoto waliokosa nafasi walikuwa wengi kuliko waliopata. Mwaka 1965 shule ikaanzisha kikosi cha kwanza cha waashi kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakaachwa nje. Vijana hao walitumia sehemu kubwa ya juma wakijenga chini ya fundi, na sehemu ndogo wakisoma darasani. Malipo ya nyumba walizojenga yalisaidia kulipia mafunzo yao. Vikafuata vikosi vya wakulima, maseremala, makanika, wafumaji na wengineo, hata mpango huo ukaenea katika miji mingine ya Botswana baada ya uhuru wa tarehe 30 Septemba 1966. Mwaka huo huo wa 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza watoto wetu wafanye nini baada ya shule ya msingi, na humo ndimo ulimotoka mpango wa vyuo vya ufundi vya vijijini tunavyovijua sisi. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akatangaza Elimu ya Kujitegemea huko Tanzania. Tatizo lilikuwa moja kwa nchi zote.

Sasa twafika penye uchungu. Kadiri shule ilivyokua, wanafunzi wapya walikuta madarasa yamekwisha kusimama. Hawakuwa wameuona uwanja mtupu, wala hawakujua ile furaha ya kulala chini ya paa uliloliezeka mwenyewe. Kazi iliyokuwa ya hiari ikageuka kuwa desturi, na desturi ikawa amri. Wakaanza kunung'unika, tena wengine wakakataa. Wazazi wao walikuwa wameuza ng'ombe ili mtoto apate cheti na kazi ya ofisi, nao waliona kwamba nchi huru yawalipa vizuri wenye vyeti, na mwenye mwiko humlipa kidogo. Je, tuwalaumu? Patrick van Rensburg mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 juu ya Swaneng, hakuficha kwamba shule aliyoikusudia kuwa ya watumishi wa watu ilikuwa ikiwatoa wachache na kuwapandisha juu ya wenzao. Katika miaka ya 1970 shule ikaingia mikononi mwa serikali na kufuata mtindo wa shule nyingine. Yeye akaendelea na kazi ya kuunganisha elimu na uzalishaji hata alipofariki mwaka 2017.

Je, shule ile ilishindwa? Sisi hatusemi hivyo. Vikosi vya mafundi viliendelea kufundisha miaka mingi, na waliobeba mawe ya kwanza hawakupungukiwa na elimu kwa kuyabeba. Ila twaona fundisho mbili kwa chama chetu.

La kwanza, kazi ya mikono humfunza mtoto pale anapojua ni kwa nini na ni kwa ajili ya nani. Wahenga walinena kuwa hiari yashinda utumwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Swaneng na mwanafunzi wa miaka ya baadaye walishika sururu ile ile, lakini mmoja alijenga na mwingine alitumikishwa.

La pili latugusa sisi wazee. Si haki kumhimiza kijana auheshimu ufundi, kisha katika baraza zetu tukamwachia kiti mwenye cheti na kumwacha fundi amesimama mlangoni. Tukitoa msaada wa karo kwa anayekwenda sekondari, tufikiri pia juu ya mwenzake anayehitaji randa na msumeno. Na siku tutakapowaita vijana kuchimba msingi wa jengo lolote, na tufike mapema, nasi tumechukua majembe yetu.