Ugumu wa Kiini na Ugumu wa Kuambata katika Uundaji wa Programu

Mwaka 1986 Frederick Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyewahi kusimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa mashine za IBM System/360, alitoa makala iitwayo "No Silver Bullet", jina lililotokana na hadithi za Ulaya zisemazo kwamba mtu ageukaye mbwamwitu hauawi ila kwa risasi ya fedha. Alidai kwamba ndani ya miaka kumi isingepatikana teknolojia hata moja, wala mbinu ya usimamizi, ambayo peke yake ingeongeza mara kumi tija ya waundaji wa programu. Ili kuitetea hoja hiyo aligawa ugumu wa kazi yao sehemu mbili, akifuata mgawanyo wa Aristotle baina ya kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilivyo na sifa zinazokiandama tu.

Sehemu ya pili ndiyo inayomtega mfasiri, kwa kuwa neno alilolitumia Brooks, "accidental", likichukuliwa kwa maana yake ya kila siku, huzaa "ugumu wa ajali". Tafsiri hiyo haifai, kwa sababu ajali kwa Kiswahili ni gari kupinduka au, kwa matumizi ya zamani, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa, na hakuna kati ya maana hizo inayogusa alichokusudia mwandishi. Istilahi zinazopendekezwa hapa ni ugumu wa kiini kwa ule uliomo ndani ya jambo lenyewe, na ugumu wa kuambata kwa ule uliogandamana nalo kutokana na zana zinazotumika, ambao zana zikibadilika waweza kubanduka.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Katika zahanati, muuguzi humwandika kila mjamzito kwenye kitabu namba 6, na mwezi unapokwisha mistari ya kitabu hujumlishwa kuwa taarifa inayopelekwa wilayani. Zamani hesabu hizo zilijumlishwa tena kwa mkono, wilayani na mkoani, kabla ya kufika wizarani. Kufikia mwisho wa 2013 programu ya DHIS2, inayokusanya na kujumlisha takwimu hizo kwa kompyuta, yenye asili katika Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuisimika, ilikuwa imeenezwa Tanzania Bara nzima. Kunakili, kujumlisha na kusafirisha makaratasi ni ugumu wa kuambata, na kuupunguza ni faida kubwa isiyostahili kubezwa.

Kiini, hata hivyo, kimebaki palepale. Mwanamke wa jamii ya wafugaji aliyeanza kliniki katika kijiji kimoja, kisha akahama na familia yake, huandikwa marudio endapo kadi anayo. Kadi ikipotea, huweza kuhesabiwa hudhurio la kwanza kwa mara ya pili, na wilaya ikaonekana kuwa na wajawazito wengi kuliko ilionao. Mikumi, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hupokea majeruhi ambao makazi yao ni Mbeya au Tunduma: huduma imetolewa Kilosa, lakini mgonjwa si mkazi wa Kilosa.

Mfano mzito zaidi ni wa Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012 ikawa wilaya. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu wapatao 438,000 Kilosa na 193,000 Gairo, ilhali sensa ya 2002 ilikuwa imewahesabu pamoja. Je, watoto waliochanjwa katika zahanati za Gairo mwaka 2011 ni wa wilaya ipi? Katika DHIS2 kila kituo huwekwa chini ya wilaya moja, na kituo kikihamishwa takwimu zake za nyuma huhama nacho. Kwa hiyo anayetafuta kiwango cha chanjo, yaani waliochanjwa kwa kulinganishwa na watoto wote waliostahili, akitumia idadi ya watu ya Kilosa ya zamani pamoja na hesabu za chanjo ambamo za Gairo zimekwisha kuondolewa, ataiona Kilosa imezembea hali haikuzembea. Hilo si kosa la programu, bali ni uamuzi ambao lazima ufanywe na watu wanaojua takwimu hizo zitatumika kwa kazi gani, na Brooks aliutaja ulazima wa kubadilika kila mara kuwa miongoni mwa sifa za kiini cha programu.

Inafaa ikumbukwe kwamba kati ya zana alizozipima Brooks mwaka 1986, akaziona haziwezi kuwa risasi ya fedha, akili mnemba ilikuwamo. Ya leo ina uwezo mkubwa zaidi bila shaka, na huandika msimbo kwa kasi ya kustaajabisha, lakini kuandika msimbo kwa sehemu kubwa ni upande wa kuambata. Njia alizozipendekeza yeye hazina mvuto sokoni: kununua kilichopo badala ya kuunda upya, kumwonyesha mtumiaji mfano wa awali mapema, na kuikuza programu kidogo kidogo.

Kwa hiyo halmashauri yoyote inayoletewa mfumo mpya, uwe wa wingu, wa mnyororo wa bloku au wa akili mnemba, imtake muuzaji aandike kabla ya kutia saini mkataba ni ugumu upi anaouondoa, na aonyeshe mbele ya muuguzi wa zahanati jinsi mfumo wake utakavyomwandika mama aliyefika bila kadi.