Neno "Kufyolea": Maana na Asili Yake

Katika Injili ya Dominika ya 6 ya mwaka A, Bwana anataja makosa matatu ya mtu dhidi ya ndugu yake: kumwonea hasira, kumfyolea na kumwapiza. Hasira twaijua sote. Kuapiza kumetokana na kuapa, nako si kugeni. Lakini kufyolea? Hapa Mgori ukiliuliza neno hilo baada ya Misa, wengi watatazamana.

Ni neno la pwani. Kufyoa ni kujibu kwa ufidhuli na dharau. Kumfyolea mtu ni kumwelekezea yeye maneno hayo. Sisi wa bara lilitufikia hasa kwa Biblia ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, ambayo wafasiri wake walitafuta Kiswahili kimoja cha kusomwa Mombasa na Unguja, na hata huku Singida.

Mwinjili aliandika Kigiriki, ila mahali hapo aliliacha neno la Kiaramu kama lilivyo: Raka. Maana yake ni mtupu, asiye na kitu kichwani. Wafasiri hawakulibakiza, nasi twaona walifanya vyema. Lingebaki Raka, kila mmoja wetu angejiona salama, maana ni nani kati ya Wanyaturu aliyewahi kumwita jirani yake Raka? Lakini sasa kufyolea nako kumezeeka, vijana hudhani ni neno la kanisani tu, na usalama ule wa uongo umeturudia.

Basi, makatekista, msitosheke na kulisoma. Maana ya neno lile la kale i karibu nasi kuliko tudhanivyo. Kwetu debe ni kipimo cha mtama, uwele na alizeti. Likiwa tupu, husogezwa kando kwa mguu. Nasi humwita mtu "debe tupu" hadharani: mke mbele ya watoto wake, kijana mkutanoni, mtoto aliyekosa jibu katika mafundisho ya Kipaimara. Huyu wa mwisho ndiye atuhangaishaye zaidi, kwa sababu amwambiaye hivyo ameishika Injili mkononi. Mtoto amesikia Raka, kwa Kiswahili anachokielewa vizuri kabisa, na Jumamosi ifuatayo hatumwoni tena.