Jiliwa la Wednesbury

 

Tangu niseme kwenye simu kwamba namtumia Mjomba wa Keko chuma cha zamani, maswali yamekuwa mengi na kicheko hakikosi. Binamu yangu mmoja ameniuliza kama Ulaya wameishiwa vitu vipya mpaka tunatumiana kutu! Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeona niandike historia ya hiki chuma, halafu mtahukumu wenyewe.

Kitu chenyewe ni jiliwa la seremala. Mafundi wengi wa mjini wanaliita vaisi. Linafungwa kwenye ukingo wa meza ya fundi, lina mataya mawili ya chuma na parafujo nene katikati. Ukizungusha mpini, mataya yanaubana ubao na hautikisiki tena. Nililipata kwa pauni 12 kwenye mnada wa Jumapili, ile ambayo watu wanauza vitu vyao vya zamani kwenye buti za magari. Nimelipima, lina kilo 16. Nilipokwangua kutu ya mbele likatokea neno moja: WODEN.

Sasa hapo ndipo historia inapoanza. Woden alikuwa mungu wa Waingereza wa kale, kabla hawajaupokea Ukristo. Siku yao ya Jumatano, Wednesday, imetokana na jina lake, na mji wa Wednesbury pia. Wednesbury uko kilomita kama 13 tu kutoka hapa Birmingham. Huko ndiko kulikuwa na kiwanda kilichoitwa Woden Works, mali ya kampuni ya Steel Nut and Joseph Hampton. Walitengeneza nati na bolti, majiliwa, vibanio na randa. Mshindani wao mkubwa alikuwa Record wa Sheffield, kampuni ya C. & J. Hampton, na katika miaka ya 1960 Woden ikaingia mikononi mwa huyo huyo mshindani. Kwa hiyo hili jiliwa limekula chumvi nyingi, na kiwanda kilichoanzisha jina lake hakipo tena.

Mtauliza kwa nini zana zilitengenezwa hapa na si kwingine. Jibu ni ardhi. Eneo la magharibi ya Birmingham wenyewe wanaliita Black Country, yaani Nchi Nyeusi, na kisa kinachosimuliwa zaidi ni moshi na masizi ya viwanda. Chini yake kulikuwa na tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa mita 9 hivi, na jirani hapo hapo chuma ghafi, mawe ya chokaa na udongo wa kujengea matanuru. Mahitaji yote jikoni, ni kuwasha moto tu! Halafu mwaka 1709, huko Coalbrookdale, safari fupi kutoka hapa, Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondolewa uchafu, badala ya mkaa wa miti. Misitu ikapumua, na chuma cha kumimina kikawa rahisi. Kila kijiji cha huku kilikuwa na kazi yake: wengine misumari, wengine kufuli, wengine minyororo. Nanga kubwa ya meli ya Titanic ilikamilishwa Netherton, karibu na Dudley, na ilikokotwa na farasi 20 kutoka kiwandani.

Na msidhani sisi hatukuguswa. Yale mapanga yenye alama ya mamba ambayo babu zetu waliyasifia yalikuwa ya Martindale, kampuni ya hapa Birmingham. Chuma cha mji huu kilifika mashambani kwetu kabla mtu yeyote wa ukoo wetu hajafika huku kutafuta kazi.

Turudi kwenye jiliwa. Zamani seremala wa Ulaya alibana ubao kwa jiliwa la mti mtupu, parafujo yake nayo ya mti. Lilifanya kazi, lakini lilipasuka na kuvimba kwa unyevu. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaja watu kama Parkinson wa mji wa Shipley na jiliwa la chuma lenye ujanja mmoja mzuri sana. Ndani yake nati haijazunguka parafujo yote, ni nusu nati tu, imeshikizwa na springi. Ukibonyeza kiwiko kidogo cha mbele, ile nusu inaachia meno ya parafujo, na taya unalivuta au kulisukuma kwa mkono mmoja kama droo. Ukiachia kiwiko, meno yanashikana, robo mzunguko tu umeshabana. Fundi anayebana na kufungua mara mia kwa siku anaelewa maana yake. Jiliwa la Woden nalo limejengwa kwa mtindo huo huo.

Kulifufua si kazi ya ajabu, ni uvumilivu tu. Nilifungua kila kitu, nikapanga vipande kwa utaratibu kama vifaa vya upasuaji. Rangi ya zamani sikuipiga msasa mkavu, maana rangi za miaka ile mara nyingi zina risasi, na vumbi la risasi si la kuvuta, hasa kama kuna watoto nyumbani. Nililainisha kwa dawa ya kutoa rangi, nikakwangua ikiwa mbichi, glavu mikononi. Vipande vyenye kutu nikavilaza kwenye siki usiku mmoja, asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya, nikasuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua asidi, nikakausha upesi na kupaka mafuta. Ukiviacha kwenye siki siku nyingi, siki inaanza kula chuma chenyewe. Nyundo sikugusa kabisa. Chuma cha kumimina kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo kinavumilia sana kukandamizwa lakini ukikigonga vibaya kinapasuka kama chungu. Chini ya kutu yote ile parafujo ilikuwa na meno mazima. Nikaisafisha kwa mswaki, nikatia grisi, na taya likateleza.

Sasa nije kwenye sababu ya kulituma. Nilipokuwa mafunzoni nyumbani, kitengo cha majeruhi, niliona vidole. Vijana wa karakana, wengi wanagenzi wa miaka 15 au 16. Ukiuliza, maelezo yanafanana: mmoja anakata, mwingine ameshika ubao kwa mkono au ameukandamiza kwa goti. Msumeno umeruka. Patasi imeteleza. Mkono ulikuwa pale kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Jiliwa ni huo mkono wa tatu ambao hautoki damu. Mjomba ana vijana wanne pale Keko na meza yake haina hata moja. Ndiyo maana sikutuma simu wala viatu.

Binamu, kuhusu kupokea kutu ya Wazungu, nakuelewa. Lakini kumbuka chuma si kitu cha kigeni kwetu. Kule Katuruka, Kagera, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta matanuru ya kuyeyushia chuma ya miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science habari za ufundi wa Wahaya, baada ya wazee kuwajengea tanuru na kuwaonyesha kwa vitendo. Wafipa nao walikuwa na matanuru marefu kupita mtu, wakiyaita malungu. Yalizimika vyuma vya bei rahisi vilipoingia kutoka nje, vikiwemo vya mji huu ninaoishi. Wazee walioshika ufundi wakafa, na vijana wakawa wameshazoea kununua.

Na kilichotukuta sisi kimewakuta na wao. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Round Oak, Brierley Hill, kilifungwa Desemba 1982, na jirani yake likajengwa duka kubwa la Merry Hill. Wazee ninaowahudumia wodini wanasimulia zamu za tanuru kama sisi tunavyosimulia mavuno. Watoto wao hawajui kumimina chuma. Nimejifunza hapo kwamba kifaa kinaweza kuishi kuliko kiwanda, lakini ufundi hauoshwi kwa siki ukarudi. Ukikatika kizazi kimoja, inabidi kuanza upya.

Kwa hiyo Mjomba, shikamoo, na ombi langu ni hili. Jiliwa litakuja kwenye pipa, kwa meli. Lifunge kwenye mguu wa meza, si katikati, kwa bolti nne zinazopita meza yote. Weka mbao laini ndani ya mataya ili yasikwaruze kazi. Mafuta kidogo kila Jumamosi. Na kabla hujalifunga, wape vijana walifungue lote na kulirudisha wenyewe. Yule mdogo mwenye kuuliza maswali mengi mpe ile nusu nati, mpeleke kwa wahunzi wa Gerezani, waone kama wanaweza kutengeneza ya pili. Wakiweza, naomba nipigiwe simu hata kama ni usiku wa manane, nipo zamu.