Kuhara damu: vita ndani ya utumbo (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mbamba Bay, Liuli na Mbinga mjini, leo twende Japani, 1897. Watu zaidi ya 90,000 waliugua kuhara damu, na daktari Kiyoshi Shiga akakipata kijidudu chenyewe. Ndicho Shigella. Kipindupindu, kilichoripotiwa Tanzania 1974, kinamwaga maji tu, ukuta wa utumbo kinauacha mzima. Hiki hapana! Kinaingia ukutani, askari wa mwili wanakikimbilia, na kwa kupigana kwao utumbo unavimba na kuchubuka. Ndiyo hiyo damu na kamasi kwenye nepi, na homa juu. Ukimpa dawa ya kufunga kuhara, unamfungia adui ndani. Mpe ORS, nyonyesha, mlete kituoni leoleo.