Kutoka Mguuni Hadi Mapafuni: Historia ya Tiba ya Saratani ya Mifupa kwa Mbwa na Paka

Saratani ya mifupa inayowapata mbwa kwa wingi zaidi huitwa osteosakoma, yaani uvimbe unaotokana na seli zenyewe zinazojenga mfupa. Huwaandama hasa mbwa wenye miili mikubwa, kama vile Great Dane, Rottweiler na Irish Wolfhound, nayo huota mara nyingi karibu na bega, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele, au karibu na goti. Miguu ya mbele, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, hushambuliwa takriban mara mbili ya ile ya nyuma. Kwa muda mrefu mwenye mbwa aliyechechemea kwa maradhi hayo alikuwa na njia mbili tu: ama mguu ukatwe, ama mnyama auawe kwa dawa ili asizidi kuteseka.

Aliyeonyesha kwa hesabu jinsi kukata mguu kulivyofaa kidogo ni Robert Brodey wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1969, pamoja na Wayne Riser, alichapisha uchunguzi wa mbwa 194, na mwaka 1976 ukafuata mwingine wa mbwa 65 waliofanyiwa upasuaji. Nusu ya waliokatwa mguu walikufa ndani ya miezi minne hadi mitano, na ni mmoja tu katika kila kumi hivi aliyetimiza mwaka. Si kwamba wapasuaji hawakuwa hodari. Seli za saratani zilikuwa zimekwisha kusafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, zikiwa ndogo mno kuonekana katika picha za eksirei. Tangu hapo ilibidi tiba ielekezwe kwenye mapafu, ingawa maumivu yalikuwa mguuni.

Dawa iliyohitajika ilipatikana kwa bahati. Katika miaka ya 1960 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliyekuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria, aligundua kwamba kilichowazuia kugawanyika hakikuwa umeme bali madini ya platini yaliyotoka katika vyuma vya kupitishia umeme huo. Ugunduzi huo ulizaa sisplatini, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa binadamu mwaka 1978. Katika miaka ya 1980 madaktari wa wanyama walipoanza kuwapa mbwa dawa hiyo baada ya kuwakata mguu, nusu yao walifikisha miezi kumi hadi kumi na miwili. Paka hawakupata nafuu hiyo, kwa kuwa sisplatini huyajaza maji mapafu yao na kuwaua, hata ikabidi watumie kaboplatini, dawa ya jamii hiyohiyo. Hata hivyo, osteosakoma ya paka ni adimu zaidi na haina haraka ya kuenea, na wengi wao huishi miaka miwili au zaidi kwa kukatwa mguu tu.

Huko Fort Collins, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Stephen Withrow na wenzake walitafuta namna ya kuuokoa mguu wenyewe: kipande kigonjwa cha mfupa kiliondolewa, na mahali pake kikawekwa kingine kilichotolewa kwa mbwa aliyekufa, kikashikizwa kwa bamba la chuma na skrubu. Ujuzi huo ulichangia pia upasuaji wa watoto wenye ugonjwa huohuo. Tatizo lake kubwa lilikuwa maambukizi ya bakteria, lakini ajabu ni kwamba mbwa waliopatwa na maambukizi waliishi muda mrefu kuliko waliopona kidonda vizuri. Jambo hilo lingemfurahisha William Coley, mpasuaji wa New York ambaye tangu mwaka 1891 aliwadunga bakteria wagonjwa wa sakoma ili kuamsha kinga ya mwili.

Wazo la kinga lilikuwa tayari limejaribiwa kwa njia ya kitaalamu zaidi. Mwaka 1989 Gregory MacEwen wa Wisconsin alieleza kwamba mbwa waliokatwa mguu na kupewa mifamurtidi, dawa inayoamsha seli za ulinzi zinazomeza vijidudu, waliishi muda mrefu kuliko wasiopewa. Jumuiya ya Ulaya iliidhinisha dawa hiyo kwa watoto na vijana mwaka 2009, ilhali mamlaka ya Marekani ilikuwa imekataa. Kwa mbwa wenyewe, tiba ya kawaida ingali ni kukata mguu na dawa za platini, na umri wa kuishi baada yake haujapita sana ule uliofikiwa katika miaka ya 1980.