Pomboo wa Kizimkazi na Jicho la Mvuvi

Kusini mwa Unguja, ambako nchi kavu humalizikia kwenye majabali ya matumbawe yaliyolika chini kwa mawimbi, ndipo ilipo Kizimkazi. Aghalabu hutajwa kwa msikiti wake wa Dimbani, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Basi ni zaidi ya miaka 900 tangu watu waanze kusimama juu ya majabali hayo wakiitazama bahari.

Hawakuitazama kwa kujiburudisha. Membe na shakwe wanapozunguka mahali pamoja na kujitupa majini, mvuvi hujua kwamba chini yao pana samaki wadogo, na nyuma ya wadogo hao huenda wapo jodari. Zamani aligeuza tanga akawafuata. Vitwitwi wanaokimbia kimbia ufukweni maji yakitoka, wengi wao wamehama kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Hujaa kaskazi ikivuma na hupungua masika yakikaribia. Mbali zaidi, kusini-mashariki, kuna kisiwa kidogo kilicho tupu, ambacho kwenye ramani za Kiingereza huitwa Latham. Waswahili hukiita Fungu Kizimkazi, na ndege wa bahari hutaga huko kwa maelfu. Jina hilo peke yake ni ushahidi wa jinsi macho ya watu wa pwani yalivyofika mbali.

Jicho hilohilo ndilo lililowaongoza wawindaji wa pomboo. Katika bahari ya Kizimkazi wanaishi pomboo wa aina mbili, mmoja mwenye nundu mgongoni, na wote hupenda maji ya karibu na pwani. Watu waliwazingira kwa nyavu na kuwachoma kwa chusa. Sehemu kubwa ya nyama ilikuwa chambo cha papa, na papa alikuwa na thamani: nyama yake ilikaushwa ikawa ng'onda, na mafuta ya ini lake, yaani sifa, yalipakwa mbao za vyombo zisioze. Pomboo, kwa hesabu ya siku hizo, alikuwa njia ya kumpata papa.

Mwaka 1992 hesabu hiyo ilianza kubadilika. Wageni walikuja Kizimkazi wakilipa ili wapelekwe kuwaona pomboo wakiwa hai, na wavuvi waligundua kwamba mnyama mmoja anaweza kuleta riziki leo, kesho na mwakani. Kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekoma. Mwaka uliofuata Ghuba ya Menai, yenye eneo la kilomita za mraba 470, ikatangazwa kuwa hifadhi. Elimu ya wawindaji haikupotea: aliyejua pomboo wanapolisha asubuhi na wanapopumzika, ndiye aliyekuwa nahodha wa boti ya wageni.

Lakini kuacha kuua si sawa na kuacha kudhuru. Boti ziliongezeka, na ilikuwa kawaida kundi moja la pomboo kuzungukwa na boti kadhaa kwa pamoja, huku waogeleaji wakirushwa majini mbele yao. Watafiti waliowatambua pomboo wa huko mmojammoja kwa alama za mapezi ya migongo waliwakadiria kuwa chini ya mia mbili kwa kila aina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zinapokuwapo, pomboo hupunguza kulisha na kupumzika, wakatumia muda mwingi zaidi kusafiri. Jambo hilo si dogo. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, baada ya mimba ya karibu mwaka mzima, kisha humnyonyesha zaidi ya mwaka. Kundi dogo namna hiyo halina akiba ya kufidia hasara.

Kuna na jarife, wavu utegwao kwa ajili ya jodari, papa na samaki wengine wakubwa. Pomboo anayenaswa humo usiku hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, na hufa maji kama afavyo binadamu. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa wepesi, kwani mwenye jarife na nahodha wa wageni yaweza kuwa ni ndugu wa nyumba moja, na pengine ni mtu yuleyule.

Miongozo ya kuwatazama pomboo ipo: kupunguza mwendo, kutowakata njia, kutowazingira, kuwaacha wakiondoka. Anayeisoma atakuta mengi aliyoyafanya mvuvi wa tanga bila kuandikiwa. Alipowaona membe, alikaribia kwa utulivu, kwani kundi la samaki likishtuka, ndege hutawanyika na siku yake imekwisha. Subira ilikuwa sehemu ya ujuzi wake. Mashine iliporahisisha mwendo, jicho lilibaki na subira ikaachwa pwani. Kizimkazi iliweza kuweka chini chusa katika miaka michache, bila kusubiri kizazi kipite. Kupunguza mwendo wa mashine ni jambo jepesi kuliko hilo, na pomboo waliobaki ni wachache mno kusubiri sana.